Mtunzaji na Mtunzi: Kazi ya Msimamizi wa Sanaa Katika Kupanga Maonyesho

Mtu aingiapo katika ukumbi wa makumbusho na kukuta vinyago, nguo na ngoma vimepangwa vizuri, yamkini hudhani kwamba kazi iliyofanyika hapo ni kufuta vumbi, kupigilia misumari na kufungua mlango. Kwa dhana hiyo msimamizi wa sanaa huonekana kuwa mlinzi wa ghala tu. Makala haya yanakusudia kueleza kazi hasa aifanyayo msimamizi huyo anapopanga maonyesho, na kuonyesha kwamba kazi hiyo yawahusu wanafunzi wa lugha kama iwahusuvyo wachoraji na wachongaji.

Kiswahili chenyewe chatoa mwanga juu ya jambo hili. Kutokana na kitenzi tunza hupatikana mtunzaji, na kutokana na tunga hupatikana mtunzi. Msimamizi wa sanaa huzibeba sifa hizo mbili. Ni mtunzaji kwa kuwa amekabidhiwa mali isiyo yake. Ni mtunzi kwa kuwa huchagua na kuacha, hutanguliza hiki na kuchelewesha kile, kama mshairi afanyavyo kwa maneno.

Kazi huanza kwa swali. Mfano mzuri ni maonyesho yaitwayo Invisible Inventories, yaani orodha zisizoonekana, yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi mwaka 2021, kisha yakapelekwa Köln na Frankfurt nchini Ujerumani. Waliohusika ni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, makumbusho mawili ya miji hiyo ya Ujerumani, na vikundi viwili vya wasanii, The Nest Collective cha Nairobi na SHIFT Collective cha Ulaya. Swali lao lilikuwa zito: ni vitu gani vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya ng'ambo, viliondokaje, na kuondoka kwake kumewaachia nini waliobaki?

Baada ya swali hufuata uchunguzi. Msimamizi husoma madaftari ya makumbusho, barua za zamani na picha. Huwahoji wazee na mafundi. Hulinganisha yaliyoandikwa na yanayosemwa. Katika mradi huo orodha ilipita vitu 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Hakuna ukumbi uwezao kubeba hesabu hiyo. Kwa hiyo msimamizi hana budi kuchagua vichache vinavyolijibu swali, hata kama vinavyoachwa ni vizuri zaidi machoni.

Aidha, vitu vingine huwa ni vya kuazima. Hapo huja mikataba, bima, masanduku ya kusafirishia na taarifa ya hali ya kila kitu kabla ya safari na baada yake. Mwanga nao una kanuni zake: nguo, karatasi na picha za rangi za maji kwa kawaida huwekwa katika mwanga wa laksi 50 hivi, tena kwa miezi michache tu, maana rangi iliyofifia hairudi. Hapa mtunzaji humzuia mtunzi. Mtunzi angependa kanga ing'ae mbele ya dirisha; mtunzaji hukataa.

Ndipo unapofika mpangilio wenyewe. Kitu kikiwekwa peke yake katikati ya ukumbi hupata heshima. Kikisongamanishwa na vingine arobaini huwa mfano tu wa aina yake. Kinu cha jikoni kikiwekwa karibu na kiti cha enzi, mtazamaji hujiuliza habari za mtwangaji na za mtawala kwa pamoja. Ujirani wa vitu ni usemi, ingawa hapana neno lililotamkwa.

Hata hivyo, maneno hayaepukiki. Maelezo yabandikwayo kando ya kitu huwa mafupi, nayo ndiyo humwambia mtazamaji anaona nini. Katika madaftari ya kikoloni, mara nyingi jina la aliyekichukua kitu limehifadhiwa, ilhali jina la aliyekitengeneza halimo, na jina la kitu katika lugha ya wenyewe limeachwa. Kigango cha Wagiriama kikiitwa sanamu ya mti, mtazamaji hatajua kwamba kilisimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, wala hataelewa kwa nini kung'olewa kwake huwaumiza jamaa zake. Kuchagua neno hapa ni kuamua kama kitu ni pambo au ni mtu wa ukoo.

Lililo gumu kupita yote ni kuonyesha kisichokuwapo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa zama za ukoloni ikaingia British Museum, London, mwaka 1908. Msimamizi aliye Nairobi ataonyeshaje vitu vya namna hiyo? Katika maonyesho ya mwaka 2021 masanduku ya kioo yaliwekwa matupu. Mtazamaji aliyezoea kukuta kitu alikuta nafasi ya kitu, na nafasi hiyo ikamlazimu kuuliza kilikokwenda. Ni uamuzi wa mtunzaji asiyekuwa na cha kutunza, akabakiwa na utunzi peke yake.

Ni dhahiri basi kwamba maonyesho ni matini. Yana mwandishi, yana msomaji, na yana yaliyonyamaziwa. Idara za lugha zina wajibu katika matini hayo, kwa kuwa majina ya vitu hivyo, matumizi yake na nyimbo zake vimo katika lugha zinazofundishwa na idara hizo. Kitu kilichoibwa chaweza kurudishwa kwa meli au kwa ndege. Lakini kikirudi na kukuta jina lake limesahauliwa, kitakuwa kimefika nyumbani kikiwa mgeni.