Bunduki ya Rangi: Mama, Ijue Kabla Hujainunua

Akina mama wengi wakisikia neno kompresa wanadhani ni habari za gereji na vijana wa pancha. Hata sisi tulidhani hivyo. Leo tunayo moja, imekaa chini ya bati nyuma ya nyumba ya mwenzetu, na imetufundisha mambo ambayo tungependa kumweleza kila mama anayefikiria kuanza kazi hii, au ambaye mume wake anataka kuifanyia uani.

Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Dodoma, ukaupita uwanja mdogo wa ndege, umefika kwetu Kisongo. Kandokando ya barabara wapo mafundi wa kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, meza za shule. Sisi ni akina mama saba tunaoweka na kukopa pamoja. Tuliona kwamba kitanda kilichopakwa rangi kwa brashi kinauzwa kwa bei moja, na kile kilichopulizwa rangi kikawa laini kama sahani kinauzwa kwa bei nyingine. Tukasema, kwa nini kazi ya rangi isiwe yetu? Fundi achomelee, sisi tupulize. Tukatoa fedha kwenye sanduku la kikundi, nyingine zikiwa za ada za watoto muhula uliokuwa unakuja, tukaenda mjini.

Kosa letu la kwanza lilikuwa dukani. Tulimwambia muuzaji tunataka bunduki ya rangi na kompresa ya kutosha bunduki hiyo, akatupa kompresa ndogo ya tangi la lita 24 na bunduki kubwa inayong'aa. Akatuambia itatosha. Haikutosha. Tulipuliza upande mmoja wa kitanda, upepo ukaisha, rangi ikaanza kutoka kwa matone kama mate. Tunasubiri tangi lijae, tunapuliza tena, huku ule upande wa kwanza umeanza kukauka. Kitanda kile kilitoka na mabaka, tukakilalia wenyewe.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Jambo la kwanza si tangi, ni hewa. Kila bunduki imeandikwa, kwenye boksi au kwenye karatasi yake, inakula lita ngapi za hewa kwa dakika. Nyingi zinataka zaidi ya lita 200, na ziko zinazotaka 350. Kompresa nayo imeandikwa, lakini angalia vizuri: mara nyingi ile namba kubwa ni hewa inayovutwa ndani, si hewa inayotoka kwenye mpira. Punguza kama theluthi moja ndipo upate ukweli. Na sisi tunaokaa chini ya Meru tuna la ziada. Uwanja wetu wa ndege uko mita 1,387 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kompresa inayomtosha mtu wa Tanga inaweza kuhema ikifika Kisongo. Nunua iliyozidi mahitaji kidogo.

Kuhusu bunduki yenyewe, kuna yenye kikombe chini na yenye kikombe juu. Ya kikombe chini hubeba rangi nyingi, kiasi cha lita moja, inafaa mageti, lakini ni nzito na inataka upepo mwingi wa kuinyonya rangi. Ya kikombe juu rangi hushuka yenyewe, haibakizi rangi nyingi, na mkono wa mama hauchoki haraka. Sisi tungechagua ya juu. Halafu tafuta herufi HVLP. Maana yake ni upepo mwingi wenye presha ndogo: pale mdomoni hauzidi paundi 10 kwa inchi ya mraba. Bunduki za zamani hupoteza sehemu kubwa ya rangi ikaruka kuwa ukungu. Hizi za presha ndogo zikitumiwa vizuri, karibu theluthi mbili ya rangi hukaa kwenye chuma. Kile kisichokaa kwenye chuma kinakwenda wapi? Kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchicha wa jirani, na kifuani.

Tundu la mbele nalo lina namba zake. Kwa rangi ya mafuta na vanishi, milimita 1.3 au 1.4 inatosha. Kwa rangi nzito ya kwanza, ile ya kuzuia kutu, chukua 1.7 hadi 2.0. Usikubali kuambiwa kwamba tundu moja linafanya yote. Na kama lengo lako ni kupaka kuta za sebule tu, mama, acha. Nunua rola. Utatumia muda mwingi kufunika makochi kuliko kupaka rangi.

Kitu hiki kilianzia mbali. Huko Toledo, Marekani, daktari wa koo aliyeitwa Allen DeVilbiss alitengeneza chombo cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwanawe Thomas ndiye aliyeigeuza kazi hiyo kuwa ya kupulizia rangi, mwaka 1907. Tulipoyasoma hayo tulitazamana. Chombo kilichobuniwa kufikisha dawa kooni kinafikisha rangi kooni vilevile, kwa ustadi uleule.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye kosa letu la pili, ambalo bado linatuuma.

Jumamosi moja upepo wa vumbi ulikuwa mkali, kama unavyokuwa huku kwetu wakati wa kiangazi. Tukaona tuingize vitanda stoo, tufunge mlango, vumbi lisishike rangi mbichi. Watoto walikuwa wanaingia na kutoka. Mmoja wao, mtoto wa mwenzetu, mwenye miaka sita, ana pumu. Hakuna aliyemkumbuka. Usiku ule alianza kukohoa, kisha kifua kikabana, midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Alipewa hewa na dawa ya kuvuta, akakaa siku mbili. Mama yake hakutulaumu, kwa sababu hata yeye alikuwa stoo akipuliza pamoja nasi. Lakini kwa wiki tatu hakuna aliyeigusa ile mashine.

Tulipoirudia, tulikuwa tumeuliza mengi. Mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitamka kwamba kazi ya upakaji rangi yenyewe inaweza kumletea saratani anayeifanya miaka mingi. Mvuke wa thina unalevya, unaumiza kichwa, na mama mjamzito hatakiwi kuwa karibu nao kabisa. Barakoa ya kitambaa, zile zilizobaki nyumbani tangu korona, haizuii mvuke hata kidogo. Inayotakiwa ni ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa pembeni. Ukianza kusikia harufu ya rangi ndani yake, kichujio kimekwisha, badilisha. Vaa na miwani.

Iko rangi moja ambayo sisi tumeamua kutoipuliza hata kwa malipo mazuri: ile ya magari inayochanganywa na dawa ya kuifanya iwe ngumu. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zinaweza kumfanya mtu asiyewahi kuwa na pumu aipate, na akishaipata, kiasi kidogo tu kinamrudisha kitandani. Kazi hiyo inataka chumba maalumu na hewa safi inayoletwa kwa mpira hadi usoni. Haifanyiki uani.

Tena mafundi wengi watakuambia ukimaliza kazi unywe maziwa ili yasafishe kifua. Maziwa ni mazuri, mnywe na watoto wenu. Lakini maziwa huenda tumboni, na rangi imekwenda mapafuni. Hayakutani.

Jihadhari na moto kuliko vyote. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo mbali na wewe. Siku ya kupuliza, jiko lizimwe au lihamishiwe upande upepo unakotokea, na fundi wa kuchomelea asimame kwanza. Kamwe usilainishe rangi kwa petroli, hata kama ni rahisi. Na thina isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Tunajua dukani hupimwa hivyohivyo. Mtoto mwenye kiu hatazami rangi ya kimiminika. Akiinywa, usimtapishe, wala usimlazimishe maziwa au mafuta, kwa maana ikirudi juu huingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kwa vyuma vya zamani, kabla ya msasa, kumbuka madini ya risasi. Mwaka 2015 na tena 2017 shirika la AGENDA la Dar es Salaam lilipima rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa nchini, na likakuta zipo zenye risasi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo sugua kwa msasa wa maji, usiotimua vumbi, kisha zoa uchafu ukiwa bado mbichi. Geti la zamani lisisuguliwe mahali watoto wanapochezea.

Sasa kazi yenyewe. Lainisha rangi kama kopo linavyoelekeza, ichuje kwa soksi ya nailoni safi. Anza na paundi 30 hivi kwenye geji, karibu sawa na upepo wa tairi la gari dogo, jaribu kwanza kwenye kipande cha boksi, ongeza au punguza. Shika bunduki mbali na chuma kiasi cha shubiri, iwe wima. Mkono uanze kutembea kabla ya kufyatua, na uachie kabla ya kusimama. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Ukizungusha kiwiko kama unafagia, katikati kutakuwa na rangi nyingi na pembeni patupu. Tabaka mbili nyepesi ni bora kuliko moja zito linalochuruzika. Usimwelekezee mtu bunduki hata kwa mzaha, na usiisafishe kabla ya kuzima kompresa na kutoa upepo wote. Tundu likiziba, tumia kijiti laini, si sindano ya kushonea, likikwaruzwa limeharibika. Jioni fungua bomba dogo la chini ya tangi umwage maji, maana yakibaki yanaozesha tangi kwa ndani.

Upepo wa Kisongo tumeshauzoea. Tunapuliza asubuhi, kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne, kabla vumbi halijaamka, nje kabisa, chini ya bati lisilo na kuta. Mwezi wa sita na wa saba tunaanza baadaye kidogo, kwa sababu ya baridi na umande. Wiki hii tuna vitanda 12 vya bweni. Yule kijana wetu mwenye pumu anapelekwa kwa bibi yake Monduli tangu Ijumaa, harudi mpaka rangi ikauke.