Injini ya Baba Haikuwa na Jina la Mlima

Mpenzi msomaji, juma hili nina kosa la kusahihisha. Kwa kuwa nililifanya mbele ya watu, nitalisahihisha mbele ya watu.

Mwaka 2019, siku tuliyomzika baba, nilisimama kando ya jeneza nikawaeleza waombolezaji habari za mzee wetu, ambaye ujanani alikuwa mtia moto katika magarimoshi ya mvuke kati ya Mombasa na Nairobi. Nikasema kwamba tulipokuwa watoto alitununulia garimoshi la kuchezea, mfano wa injini ile ile aliyoifanyia kazi, nyekundu iliyoiva, na ubavuni imeandikwa jina la mlima. Watu waliguswa. Jioni, wageni walipopungua, kaka yangu mkubwa aliniita kando. "Ndugu yangu, umesema vizuri," akaniambia, "lakini injini ile haikuwa na mlima wowote."

Tangu siku hiyo tumebishana. Mimi niliiona herufi kwa herufi akilini mwangu. Yeye alishikilia lake. Mwishowe nikajiuliza: kitu kilichopotea zaidi ya miaka 30 iliyopita, ambacho hakina hata picha, kitatambuliwaje?

Tuanze na injini za baba. Zilikuwa za daraja la 59 la shirika la reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu unaokaribia mita 32, na hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuzishinda katika reli za upana wa mita moja duniani kote. Zilichoma mafuta mazito, si makaa, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimeondolewa kazini. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli jijini Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena.

Sasa turudi kwenye kile kidude chetu. Wajuzi wa magarimoshi ya kuchezea hawaanzi kwa kuuliza rangi wala jina, kwa sababu hayo ndiyo akili huyapaka upya kila mwaka. Wao huuliza magurudumu. Upo utaratibu wa kuyahesabu uliobuniwa na Mmarekani Frederick Whyte mwanzoni mwa karne ya 20: kwanza madogo ya mbele, kisha makubwa yanayosukumwa na mvuke, kisha madogo ya nyuma. Injini ya baba ni kama injini mbili zilizobeba tangi moja la mvuke katikati, kwa hiyo huandikwa 4-8-2+2-8-4. Jumla ni magurudumu 28.

Nilipomuuliza kaka kuhusu magurudumu, alijibu bila kusita. "Makubwa yalikuwa matatu kila upande. Kile chuma kinachoyaunganisha kilichomoka, nikakifunga kwa uzi kwenye gurudumu la katikati." Mikono yake ilikuwa inakumbuka kazi iliyoifanya. Na mbele palikuwa na madogo manne, nyuma mawili. Hiyo ni 4-6-2, injini ya aina nyingine kabisa.

Swali la pili ni ukubwa. Mifano ya Kiingereza ya aina ya OO hupunguzwa mara 76, na hupita juu ya reli zenye upana wa milimita 16.5. Ukigawa mita 32 kwa 76 unapata sentimita 42. Mama alikuwa akiiweka injini yetu ndani ya mkebe wa biskuti, na hakuna mkebe wa biskuti nyumbani kwetu uliowahi kuwa mrefu kiasi hicho.

Swali la tatu ni chapa ya mtengenezaji, na hapa mama ndiye aliyetuokoa. Injini ilipotea tulipohama, lakini behewa dogo la makaa, lile linalofungwa nyuma yake, lilibaki katika mkebe pamoja na vifungo na sindano. Nilipoligeuza nikasoma chini yake: Tri-ang Hornby. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1965, baada ya kampuni iliyomiliki Tri-ang kuichukua kampuni ya Meccano iliyotengeneza Hornby. Na kuanzia 1972 likawa Hornby Railways. Kwa hiyo kidude kile kilitoka katika kiwanda cha Margate, Uingereza, kabla mimi sijazaliwa.

Katika orodha za Tri-ang Hornby kulikuwa na injini nyekundu iliyoiva ya magurudumu 4-6-2, namba 46200, iitwayo The Princess Royal. Injini halisi ilitengenezwa Crewe mwaka 1933, ikapewa jina la heshima la binti wa mfalme. Msomaji, ulikuwa binti wa mfalme, haukuwa mlima.

Basi mlima niliutoa wapi? Shuleni tulipelekwa kutembelea makumbusho ya reli, nikasimama chini ya Mount Gelai nikiwa mdogo kama sisimizi. Naamini ndipo akili yangu ilipochukua jina la injini kubwa ikalibandika kwenye ile ndogo. Sikudanganya makaburini, nilikumbuka vitu viwili kama kimoja. Nilikumbuka pia moshi ukitoka, na hapo sikukosea, kwani baadhi ya injini hizo zilikuwa na kifaa cha kutoa moshi kwa matone ya mafuta.

Nilimpelekea mama habari hizi nikiwa na aibu kidogo. Akacheka. "Mwanangu, baba yako alijua si yake. Tuliikuta katika nyumba ya Wazungu waliokuwa wakiuza vyombo wapate kurudi kwao. Akaishika, akaigeuza, akasema: rangi ni yetu. Akatoa pesa ya sukari ya wiki mbili."

Kwa hiyo kaka, kuhusu jina, umeshinda. Na nyinyi mliokuwa makaburini siku ile, futeni mlima, ila rangi iacheni. Nawe msomaji mwenye kitu kama hiki moyoni, muulize aliyekitengeneza kilipovunjika, na aliyekinunua, maadamu wako hai.

Hadi juma lijalo, kwaherini.