Filamu za Van Damme na Kipimo cha Wahakiki

Jean-Claude Van Damme ni mmoja wa waigizaji waliotazamwa sana duniani huku wakisemwa vibaya sana magazetini. Mwaka 1988 ilipotoka Bloodsport, filamu iliyomfanya kuwa steringi, waandaaji wa Razzie, tuzo za dhihaka zinazotolewa kwa kazi mbovu, walimweka kwenye orodha ya nyota wapya wabaya wa mwaka ule. Filamu yenyewe ilitengenezwa kwa fedha kidogo, chini ya dola milioni 3, na Marekani peke yake ikaingiza zaidi ya dola milioni 11. Kwa miaka mingi iliyofuata mambo yalikwenda hivyohivyo: watu walijaa kumtazama, wahakiki wakamponda.

Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1960, kwa jina la Jean-Claude Van Varenberg. Alianza karate ya Shotokan akiwa mtoto, na baadaye akasoma ngoma ya ballet kwa takriban miaka mitano. Mchanganyiko huo ndio ufunguo wa kazi yake yote, na inashangaza jinsi wahakiki walivyoupita bila kuugusa. Mwaka 1982 alihamia Marekani pamoja na rafiki yake Michel Qissi, ambaye baadaye aliigiza Tong Po katika Kickboxer. Huko alianzia chini kabisa. Katika Breakin' ya mwaka 1984 anaonekana nyuma ya wachezaji wakuu, kijana mmoja tu katika umati, akicheza kwa bidii kuliko wote waliomzunguka. Kampuni ya Cannon, iliyojulikana kwa filamu za bei nafuu, ndiyo iliyompa nafasi yake kubwa.

Mashtaka dhidi yake yalikuwa matatu: Kiingereza chake kina lafudhi nzito ya Kifaransa, uso wake haubadiliki, na hadithi zake ni zilezile za ndugu aliyeuawa na kisasi kinacholipwa. Hilo la tatu lina ukweli. Mawili ya kwanza yanatokana na kumpima kwa kipimo cha jukwaa la maigizo, ambako mwigizaji hupimwa kwa namna anavyotamka maneno. Van Damme hakuwa mwigizaji wa maneno. Maumivu, woga, kiburi na aibu aliviweka katika mabega, mgongo na miguu, kama afanyavyo mcheza ngoma. Mtu anayesubiri aseme jambo zito atachoka kusubiri. Anayeangalia namna anavyosimama baada ya kupigwa ataona uigizaji mwingi.

Pambano la mwisho la Bloodsport linalionyesha hili waziwazi. Chong Li, anayeigizwa na Bolo Yeung, anamrushia unga machoni Frank Dux, anayeigizwa na Van Damme, na Dux anabaki kipofu ulingoni. Mtazamaji anakumbuka kwamba mapema Dux alifundishwa kuhudumia chai akiwa amefungwa kitambaa machoni. Kwanza mwili wote unapagawa: mikono inapapasa hewa, kinywa kinapiga ukelele ambao wahakiki waliucheka sana. Kisha anatulia. Mabega yanashuka, kichwa kinainama kidogo kando, na mwili mzima unageuka sikio. Hakuna neno linalosemwa, na hakuna mtazamaji anayehitaji kuelezwa kilichotokea ndani yake. Baada ya hapo Dux hamuui adui yake. Anamlazimisha kukiri kwamba ameshindwa, basi.

Lionheart ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Sheldon Lettich, ina moyo zaidi, na huenda ndiyo iliyoonewa kuliko zote. Van Damme ni Lyon Gaultier, askari wa jeshi la kigeni la Ufaransa aliyeko Djibouti. Anatoroka kambini baada ya kupata habari kwamba kaka yake amechomwa moto huko Los Angeles. Anafika na kumkuta mjane na mtoto mdogo wa kike, hawana kitu. Shemeji yake hataki hata kumwona, kwa kuwa anamlaumu kwa kumtelekeza kaka yake. Gaultier anapigana ngumi za mitaani kwa ajili ya kamari za matajiri, na fedha anazopata zinamfikia mjane kwa hila, akiambiwa ni bima ya marehemu mumewe. Mtu anayelea familia ya nduguye aliyekufa, tena bila kushukuriwa, ni hadithi isiyohitaji maelezo Mwanza wala Kisumu.

Mwishoni Gaultier anakutana na Attila, jitu lenye nguvu kumzidi, naye tayari ana jeraha la mbavu. Rafiki yake Joshua, akitaka kumwokoa, anamsihi abaki chini, na anakiri kwamba ameweka dau lao kwa Attila. Uso ambao wahakiki walisema haubadiliki unapita hapo katika kutoamini, uchungu, kisha hasira. Ndipo anapoinuka.

Lafudhi ambayo magazeti ya Marekani yaliihesabu kuwa udhaifu haikumzuia kufika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 filamu zake zilikuwa chakula cha kila siku katika vibanda vya video, vile ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza. Watazamaji wengi hawakufuata Kiingereza, na hawakukosa kitu, kwa sababu hadithi ilikuwa mwilini. Pale palipohitajika maneno, walitokea wasimulizi. Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia jina kwa kutafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, DJ Afro akafanya hivyo Kenya kwa Kiswahili cha mtaani, na Uganda wasimulizi wa aina hiyo wakatumia Kiganda. Filamu inayobebwa na mazungumzo ya ustadi hupungua inaposimuliwa na mtu mwingine. Lionheart au Kickboxer hazikupungua, zilinoga.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa wakati ule hawakulipa uzito. Waongozaji watatu wakubwa wa Hong Kong, John Woo, Ringo Lam na Tsui Hark, wote walifanya filamu zao za kwanza za Marekani wakiwa na Van Damme: Hard Target (1993), Maximum Risk (1996) na Double Team (1997). Hawa walitoka katika sinema iliyojua kuusoma mwili, na walimtumia ipasavyo, hasa Woo. Katika Hard Target, inayotokea New Orleans, matajiri wanalipia kuwawinda wanajeshi wa zamani wasio na makazi. Chini ya risasi na pikipiki kuna hasira ya kweli juu ya jinsi maskini anavyoweza kupotea bila mtu kuuliza.

Hii haina maana kwamba kila filamu yake ni dhahabu. Street Fighter ya mwaka 1994 ni vurugu tupu, na kinachobaki kichwani ni Raul Julia anayeigiza adui. Double Team yenyewe haikusaidiwa na mchezaji wa mpira wa kikapu Dennis Rodman. Filamu kadhaa za miaka ya 2000, zilizokwenda moja kwa moja kwenye DVD, zilitengenezwa kwa haraka. Lakini hata katika kipindi hicho ipo Replicant ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Ringo Lam, ambamo anaigiza muuaji na pia nakala ya muuaji huyo yenye akili ya mtoto mchanga.

Wahakiki walianza kulegea mwaka 2008, ilipotoka JCVD ya Mabrouk El Mechri. Van Damme anajiigiza mwenyewe, nyota aliyechoka, anayepigania malezi ya binti yake mahakamani huku wakili wa upande wa pili akitumia ukatili wa filamu zake kama ushahidi. Kisha anaingia posta Brussels na kujikuta katikati ya wizi. Ghafla kiti chake kinanyanyuliwa juu, taa za studio zinaonekana, naye anazungumza na kamera kwa dakika kadhaa bila kukatwa, akilia, juu ya umaarufu, dawa za kulevya na majuto. Wengi waliandika kwamba hatimaye amejifunza kuigiza. Kwa kweli alikuwa ameongeza maneno tu juu ya kile alichokuwa akikifanya tangu Bloodsport.

Anayetaka kumtazama upya aanze na Lionheart, aende Hard Target, kisha Replicant, na JCVD aiache iwe ya mwisho, kwa kuwa haina uzito huohuo kwa mtu asiyezijua zile za mwanzo.