Damu ya Friza na Damu Iliyoganda kwa Bahati Mbaya

Ndugu wa mgonjwa akiambiwa, Nachingwea au Ruangwa, kwamba damu ya kundi linalotakiwa imekwisha, huuliza swali la haki: kwa nini haigandishwi kwenye friza kama samaki, ikasubiri hata miaka?

Inawezekana, wala si jambo geni. Mwaka 1950, Waingereza wakiwa bado wanahangaika na mradi wao wa karanga hapo Nachingwea, mtafiti Audrey Smith alionyesha huko London kwamba seli nyekundu zikichanganywa na gliseroli hustahimili kugandishwa. Mwaka uliofuata Mollison na Sloviter waliwaongezea watu damu ya namna hiyo. Leo hutunzwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri hadi miaka 10, na ikiandaliwa vyema ni salama.

Kazi iko kwenye kuandaa. Gliseroli lazima ioshwe kwa maji ya chumvi yanayopunguzwa ukali hatua kwa hatua. Ikibaki nyingi, seli hufura na kupasuka ndani ya mishipa ya mgonjwa. Huhitajika mashine maalumu, na kwa njia ya zamani damu iliyooshwa hutumika ndani ya saa 24 tu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana muda wa kuyasubiri hayo. Kwa hiyo wenye teknolojia hii huitumia zaidi kwa makundi adimu ya damu na kwa majeshi.

Kinachonitia hofu mimi ni chupa iliyoganda bila kukusudiwa. Damu ya kawaida hukaa nyuzi 2 hadi 6, siku 35 au 42 kutegemea dawa iliyomo. Jokofu la nyumbani linaweza kuigandisha, hasa chupa ikigusa ukuta wa nyuma. Bila gliseroli, barafu hupasua seli, na himoglobini na potasiamu humwagika. Ikiyeyuka bado ni nyekundu, inadanganya macho. Iache itulie, utaona majimaji ya juu, ambayo kwa kawaida ni ya manjano, yamegeuka mekundu. Akipewa mgonjwa, potasiamu huweza kuvuruga moyo, na himoglobini kuumiza figo. Haioshwi ikapona, hutupwa. (Plazima, yaani majimaji hayo ya manjano yakitengwa, ndiyo hukaa kwenye friza, na mtumishi mgeni huweza kuiweka damu humo kimakosa.)

Chupa zinazotoka kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Kusini, Mtwara, hupita Masasi kabla ya kufika Nachingwea. Ndani ya kasha la baridi barafu isigusane nazo. Pawekwe kizuizi katikati. Iliyofika na dalili ya kuganda irudishwe, hata ikiwa O hasi ya mwisho.