Je, Wajua Foleni Huwa Ndefu Kuliko Inavyowafaa Waliomo?

Mwisho wa mwezi, anayefika kwenye ATM hupiga hesabu kabla hajasimama nyuma ya wenzake. Wako wangapi? Au bora aende kwa wakala, akubali makato? Mwaka 1969, mtafiti wa Israel, Pinhas Naor, alichapisha hesabu ya namna hiyo katika jarida la Econometrica, na jibu lake bado linanishangaza: hata kila mtu akikokotoa kwa usahihi, foleni itarefuka kupita kiasi kinachowafaa wote.

Tuseme ATM inakuokolea makato ya shilingi 2,000. Kila mteja huchukua wastani wa dakika 4, na dakika yako ina thamani ya shilingi 100. Ukikuta watu wanne, pamoja na zamu yako utatumia dakika 20, sawa na shilingi 2,000: hupati wala hukosi. Ukikuta watano, unageuza. Basi foleni itafika watu 5. Lakini ikiwa wateja wanakuja bila mpangilio, kwa wastani wa mmoja kila dakika 4, kanuni ya Naor inaonyesha kwamba foleni isingepaswa kuzidi watu 2. Hapo wateja kwa jumla wanafaidi kama shilingi 233 kwa dakika. Foleni ikiachwa ifike 5, wanafaidi 167 tu.

Zilizopotea zimekwenda wapi? Unapojiunga unahesabu dakika zako. Zile utakazowachelewesha watakaokuja nyuma yako hazimo, na wao nao watafanya vivyo hivyo kwa wengine. Hakuna aliyekosa adabu. Ni gharama inayosukumwa nyuma.

Naor alipendekeza ada ya kujiunga. Ikitozwa shilingi 1,000, anayekuta wawili ataondoka. Ila mwenye mashine akiachiwa apange ada kwa faida yake, huweza kuipandisha kupita inayofaa. Tena kanuni hii huchukulia kwamba dakika ya kila mtu ina thamani ileile. Mtaani si hivyo, na kwa maoni yangu ada ya namna hiyo ingemfukuza asiye nacho kabla ya kumfukuza asiye na haraka.

Mwaka 1985, Refael Hassin alionyesha njia isiyohitaji ada: anayefika mwisho ahudumiwe kwanza, hata anayehudumiwa ampishe! Inaudhi kuisikia, lakini itazame vizuri. Aliyesukumwa hadi mkiani anajua kila mgeni atamtangulia, kwa hiyo kubaki kwake hakumcheleweshi yeyote. Gharama yote ya kungoja ni yake, na akiona haimlipi ataondoka wakati uleule ambao manufaa ya wote yangemtaka aondoke. Sharti ni kwamba asizunguke jengo na kurudi kama mgeni, kwani akifanya hivyo atakuwa wa kwanza tena.