Fahamu: Kiwavi anayetumika kupima makali ya fangasi

Ni mdudu gani?
Ni kiwavi wa nondo wa nta, Galleria mellonella, adui wa wafugaji nyuki kwa tabia yake ya kutafuna masega. Maabara nyingi humtumia kabla ya kufikia panya.

Anatumikaje?
Mtafiti humdunga sindano nyembamba kwenye kijiguu cha nyuma na kumwingizia tone dogo mno, kwa kawaida mikrolita 10, lenye fangasi kama Candida albicans. Kisha huwekwa kwenye nyuzi joto 37, sawa na mwili wa binadamu. Matokeo hayahitaji darubini: kiwavi wa rangi ya maziwa hutoka madoa, hugeuka mweusi kwa melanini, na akiguswa hatikisiki. Wakipewa dawa na ikifaa, wengi hubaki hai.

Kwa nini sasa?
Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi wa kipaumbele, 19 kwa jumla, akiwemo Candida auris, sugu kwa dawa kadhaa. Na dawa zenyewe ni chache, hivyo mpya zinahitaji kupimwa, na kiwavi huyu husaidia.

Mipaka yake
Kiwavi hana mapafu wala kingamwili. Dawa iliyomwokoa bado lazima ipimwe kwa mamalia, kisha kwa binadamu.