Ikweta ni Moja, Mbona Nanyuki Baridi na Hagadera Joto?

Msomaji, itandaze ramani ya Kenya mezani, kisha uufuate kwa kidole mstari wa Ikweta. Utapita Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ambako watu huvaa masweta. Endelea mashariki. Kabla ya mpaka wa Somalia utafika Hagadera, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko joto la mchana mara nyingi hupita digrii 35. Jua ni lile lile. Tofauti hii yatoka wapi?

Sababu ya kwanza ni kimo. Jua huipasha joto ardhi kwanza, na ardhi ndiyo huipasha hewa. Hewa ikipanda juu hutanuka na kupoa, yapata digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000. Nanyuki iko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Hagadera haifiki mita 200. Piga hesabu mwenyewe: ni pengo la digrii 11 hivi.

Je, na mvua? Bahari Hindi haiko mbali, lakini pepo zake haziwafai sana watu wa Garissa. Kaskazi huja kavu kutoka Arabuni. Kusi nayo huvuma sambamba na pwani kuelekea Somalia, na huko huyavuruga maji ya bahari hata yale baridi ya chini yakaibuka juu. Maji baridi hayatoi mvuke mwingi. Tena nchi ni tambarare, hakuna mlima wa kuusukuma upepo juu upate kuwa mawingu. Basi mvua hungojewa pepo zinapobadilika: Gu, kuanzia Aprili, na Deyr, kuanzia Oktoba, kama Wasomali wanavyoyaita majira hayo.

Hata Deyr haiaminiki. Mwaka ambao Bahari Hindi ya upande wetu ina joto kuliko ile ya upande wa Indonesia, mvua hufurika. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2006, 2019 na 2023. Mambo yakigeuka, mawingu huenda zake.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Mifugo ikafa, na familia nyingi zikavuka kutoka Somalia kuja Dadaab. Kisha, Novemba 2023, mafuriko yakaingia kambini. Maji yakituama kwenye nchi tambarare, vyoo hufurika na kipindupindu hunyemelea. Mwaka 2006 barabara zilikatika, ikabidi misaada mingine ipelekwe kwa ndege.

Kwa hiyo, usikiapo redioni kwamba bahari imepata joto, usidhani ni habari ya wavuvi peke yao. Kwa mama wa Hagadera, habari hiyo ikimfikia mapema, huwa ni nafasi ya kuchimba mtaro kuzunguka nyumba, kuinua unga usilowe, na kuchemsha maji ya watoto. Na wewe mwanafunzi, ukiulizwa kwa nini Kaskazini Mashariki ni kukavu, usijibu "kwa sababu ya Ikweta." Nanyuki itakusuta.